Mtoto Msumbufu wa Miaka Minne: Mzazi Aanzie Wapi?

Kuna kipindi katika malezi ambacho mzazi wa Tanzania huachwa peke yake na mtoto wake, nacho ni kile cha kati ya umri wa miaka 2 na 5. Kabla ya hapo alikuwa na kliniki. Alikwenda na mtoto mgongoni, mtoto akapimwa uzito, akachanjwa, nukta ikawekwa kwenye mchoro wa kadi, na muuguzi akasema neno. Chanjo ya pili ya surua na rubella hutolewa mtoto anapofikisha miezi 18, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo safari ya mwisho ya maana. Ingawa kadi imechorwa hadi miaka 5, huhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa na haitolewi tena mpaka shule iiulizie. Baadaye sana linakuja darasa la awali, ambalo mara nyingi lina mwalimu mmoja na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwafahamu mmoja mmoja. Katikati ya milango hiyo miwili ndimo mtoto anamojifunza kusema "sitaki", anamong'ata wenzake, anamojitupa chini sokoni na kugoma kulala, na ndimo mzazi anamojiuliza usiku iwapo huu ni utoto tu au kuna jambo.

Ninaamini kwamba watoto wengi wenye mwenendo mgumu hufikishwa kwa wataalamu wakiwa wamechelewa kwa sababu ya pengo hilo, na kwa sababu ya swali ambalo sisi jamii humwuliza mama kabla ya kumwuliza lolote lingine, yaani amemleaje mwanawe hata akawa hivyo.

Tuanze na utoto wenyewe, kwa kuwa si kila fujo ni ugonjwa. Richard Tremblay na wenzake, waliowafuatilia watoto wa Quebec nchini Kanada kwa miaka mingi, walionyesha kuwa kupiga, kusukuma na kung'ata hufikia kilele mapema sana, karibu na umri wa miaka 2 hadi 3, kisha hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno na anavyofundishwa na watu wazima njia nyingine za kudai anachotaka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 anayempiga mwenzake kwa sababu ya kikombe hajaonyesha dalili ya uhalifu wa baadaye. Linalopaswa kumshtua mzazi ni pale mtoto anapofikia miaka 4 bila fujo hizo kupungua, zinapojitokeza nyumbani, madrasa na kwa bibi bila tofauti, zinapodumu kwa miezi, na zinapomzuia kucheza na watoto wenzake au kumletea madhara. Kuna kipimo kingine ambacho hakimo katika vitabu vya tiba, nacho nakiamini: mama akishaacha kwenda harusini, misibani na kwa ndugu kwa kuhofia vituko vya mtoto, familia hiyo imekwisha kuelemewa, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kutafuta msaada hata kama hakuna jina lolote la ugonjwa.

Lakini akitamka neno tu, anajibiwa kwa methali. Ataambiwa samaki mkunje angali mbichi, ataambiwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na maana inayokusudiwa katika mazungumzo hayo kwa kawaida ni moja, kwamba fimbo imepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kuwa karibu robo tatu ya vijana walioulizwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa ndiyo dawa iliyokosekana, tungekuwa taifa lenye watoto watulivu kuliko wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inasema jambo ambalo ningependa lisomwe katika kila kikao cha wazazi: hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayohalalika ikiwa mtoto, kwa udogo wa umri wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo. Mtoto wa miaka 3 aliyechapwa jioni kwa kosa la asubuhi haelewi lengo. Mtoto asiyesikia vizuri haelewi lengo. Anachokielewa ni kwamba mtu mkubwa akikasirika hupiga, na hilo ndilo analokwenda kulifanya kwa mdogo wake.

Hapa ndipo mganga, sheikh au mchungaji anapopata nafasi yake, na sioni busara kuwadharau wazazi wanaokwenda huko. Mama aliyelaumiwa na wakwe, na majirani, na wakati mwingine na muuguzi, anafika mahali ambapo anakaribishwa, anasikilizwa kwa saa nzima, na mwishoni anaambiwa kuwa chanzo kiko nje yake: ni jini, ni kijicho, ni mkono wa mtu. Hata kama tafsiri hiyo si sahihi, imemwondolea aibu, na ndiyo maana ataifuata. Degedege imetufundisha gharama ya njia hii, kwa kuwa kwa miaka mingi mtoto aliyetetemeka kwa homa alihesabiwa kuwa na tatizo lisilotibika hospitali, akapelekwa kufukizwa kwanza, na malaria ikapata siku ambazo haikupaswa kuzipata. Dua na maombi vinaweza kwenda sambamba na uchunguzi wa kitabibu bila kugombana. Kinachoumiza ni muda, na hospitali haitaurudisha muda huo kwa kuwakemea wazazi. Itaurudisha ikijifunza kusikiliza kama mganga anavyosikiliza.

Uchunguzi wenyewe uanzie mwilini, na katika hili nitakawia kwa sababu ndiko tunakopoteza watoto wengi kwa mambo yanayotibika.

Masikio ndiyo ya kwanza. Sikio linalotoa usaha ni jambo la kawaida kwetu kiasi kwamba familia nyingi huliacha likauke lenyewe, lakini maambukizi yanayojirudia hupunguza usikivu, na mtoto anayesikia nusu ya sauti huonekana mkaidi. Ataitwa asiitike, ataagizwa kitu alete kingine, atapaza sauti na kuwashika wenzake kwa nguvu kwa kuwa hana njia nyingine ya kuingia katika mchezo. Mtoto wa namna hii anaweza kuitikia anapouona uso wa anayemwita, na hapo ndipo nyumba nzima inapohitimisha kuwa anasikia anapotaka. Kabla ya kumwita mtoto sugu, apimwe masikio na mtaalamu. Kumwita kwa nyuma sebuleni kunaweza kumpa mzazi wasiwasi wa kumfikisha huko, lakini hakutoshi kumwondolea wasiwasi.

Baada ya masikio ni usingizi. Mtoto mwenye nyama za puani hukoroma, hulala kinywa wazi, hujigeuzageuza na kutoka jasho, na mara nyingine hukojoa kitandani alipokwisha kuacha. Asubuhi huamka hajapumzika. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto mdogo aliyekosa usingizi mara nyingi hufanya kinyume, hurukaruka, hulia kwa jambo dogo na hashiki analofundishwa. Mzazi anayelala chumba kimoja na mtoto ana taarifa hii tayari, ila hakuna aliyemwuliza, na yeye hajui kuwa kukoroma na ukorofi vinaweza kuwa jambo moja.

Damu nayo ina neno. Utafiti wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma huwa na hasira za karibu na umakini mfupi. Minyoo, malaria za mara kwa mara na chakula kisicho na nyama, dagaa au kunde vinachangia, na vilevile chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo, ambayo hupunguza chuma kinachofyonzwa tumboni. Kwa mtoto mwenye seli mundu kuna pia maumivu, na mtoto wa miaka 3 hawezi kusema mifupa inamwuma. Atalia, atamsukuma anayemshika, atakataa kutembea.

Halafu kuna malaria kali iliyowahi kupanda kichwani. Tafiti zilizofanyika Kilifi nchini Kenya na Kampala nchini Uganda zimeonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya umakini, kumbukumbu, lugha au kifafa, na wengine hubadilika mwenendo kabisa, wakawa hawatulii, wanavunja vitu, wanawaumiza wengine au kujiumiza wenyewe. Familia hufurahi kwamba mtoto ameruhusiwa wodini akiwa hai, kama inavyopaswa kufurahi, na fujo inayoanza baada ya hapo haihusishwi na ugonjwa ule. Ndiyo maana maneno "alikuwa mtulivu mpaka alipougua" yana thamani kubwa mbele ya daktari. Maelezo ya kuzaliwa, hasa kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa, na habari za kupoteza fahamu au kuduwaa kwa sekunde chache bila kuitika, yatajwe hata kama hayakuulizwa.

Lugha inakamilisha orodha hii. Mtoto asiye na maneno hutumia meno na ngumi, na mara nyingi fujo hupungua maneno yanapoongezeka. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama maji", na wa miaka 3 husema sentensi fupi ambazo mgeni anazielewa kwa kiasi. Kuzungumza Kisukuma au Kichaga na bibi na Kiswahili na majirani hakumcheleweshi, na mzazi asishauriwe kuacha lugha ya nyumbani. Lakini mtoto asiyeitika jina lake, asiyenyoosha kidole kuonyesha anachokiona, au aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, anahitaji kuonwa mapema kwa kuwa usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo hujitokeza hivyo. Kauli ya "wanaume huchelewa kusema" imewacheleweshea wavulana wengi miaka ambayo ubongo wao ulikuwa tayari kusaidiwa.

Mwili ukishaangaliwa, inabaki nyumba, na kuizungumzia nyumba bila kurudi kwenye lawama kunahitaji uangalifu. Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Oregon nchini Marekani, alieleza jinsi mtoto na mzazi wanavyofundishana ugomvi bila yeyote kukusudia. Mtoto anataka biskuti dukani, mama anakataa, mtoto anapiga kelele, mama anakataa tena, kelele zinapanda, watu wanatazama, mama anampa. Mtoto amejifunza kuwa kelele za kiwango kile hulipa. Mama naye amejifunza kuwa kutoa biskuti hunyamazisha, na siku nyingine, akichoka, atajifunza kuwa kofi hunyamazisha upesi zaidi. Hakuna mbaya kati yao. Wote wawili wanafanya kile kilichowapa nafuu ya dakika moja, na mazoea hayo yakirudiwa kila siku yanakuwa ndiyo tabia.

Mafunzo ya wazazi yaliyojengwa juu ya uelewa huu ndiyo msaada wenye ushahidi mkubwa zaidi kwa watoto wa umri mdogo. Yanamfundisha mzazi kutenga dakika chache kila siku za kucheza na mtoto akiufuata mchezo wa mtoto, kumsifu kwa kutaja alichofanya, kutoa agizo moja fupi badala ya matano kutoka chumba cha pili, kuyapuuza makosa madogo, na kuweka matokeo ya kosa kubwa ambayo hayategemei hasira ya siku hiyo. Hata kwa watoto wa miaka 4 na 5 wanaothibitika kuwa na tatizo la kutotulia na kukosa umakini kupita kiasi, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinataka mafunzo ya mzazi yaanze kabla ya dawa. Nasisitiza hilo kwa sababu ya mazoea ya kumpa mtoto dawa ya mafua inayoleta usingizi ili nyumba ipate utulivu. Dawa hiyo haitibu chochote katika mwenendo wake, na mtoto mdogo anaweza kudhurika nayo.

Tatizo ni kwamba mafunzo hayo yaliandikwa kwa kufikiria nyumba yenye mzazi mmoja au wawili na mtoto. Nyumba zetu zina bibi, mjomba anayesubiri kazi, shangazi aliyekuja kwa matibabu, na dada wa kazi ambaye huenda ana miaka 17 na ndiye anayekaa na mtoto tangu alfajiri mpaka wazazi warudi. Mama akikataa, bibi anatoa. Baba akirudi usiku anaondoa adhabu aliyoikuta, kwa kuwa hakutaka saa yake moja na mtoto iwe ya machozi. Kila mmoja anampenda mtoto, na mtoto anaishi chini ya sheria tano. Katika nyumba kama hiyo mtaalamu anayezungumza na mama peke yake amezungumza na mtu ambaye pengine ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote. Bibi aitwe. Dada wa kazi aitwe pia, kwa heshima, kwa sababu ndiye anayejua mtoto alikula nini, alilala saa ngapi na fujo ilianzaje. Nimekuwa nikishangaa jinsi tunavyomkabidhi binti huyu kazi ngumu kuliko zote za nyumba kisha tukamnyima nafasi ya kusema anachokiona.

Mzazi anayekwenda kutafuta msaada ajiandae kwa namna mbili. Kwanza, kwa muda wa wiki moja au mbili aandike kila tukio kubwa: lilitokea wakati gani, nini kilitangulia, nani alikuwepo, lilidumu muda gani, na watu walifanya nini baadaye. Pili, arekodi tukio moja au mawili kwa simu, bila kumwonyesha mtu mwingine yeyote isipokuwa mtaalamu. Watoto wengi hutulia wafikapo chumba cha daktari, mama akaonekana ametia chumvi, na rekodi ya dakika moja inaweza kuokoa safari tatu. Aanzie zahanati au kituo cha afya, aombe masikio, damu na ukuaji wa mtoto viangaliwe, kisha aombe rufaa kwa maandishi ikiwa tatizo linabaki. Muhimbili, KCMC, Bugando na hospitali ya kanda ya Mbeya zina wataalamu ambao wilaya haina, na Moshi ndiko wanakofundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli zake za kila siku, fani ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia. Wataalamu wa matamshi ni adimu mno, na sitamdanganya msomaji kuwa njia hii ni fupi au rahisi kwa mtu wa Tandahimba au Kibondo.

Lipo jambo moja ambalo halipaswi kusubiri rufaa. Mtoto aliyekuwa mchangamfu kisha akabadilika ghafla, akaogopa mtu fulani au mahali fulani, akaanza kuigiza mambo ya kingono yasiyo ya umri wake, au akaanza kukojoa kitandani baada ya kuacha, anaweza kuwa anafanyiwa ukatili. Mwenendo wake ndio ushahidi pekee alio nao. Namba 116 hupokea simu za aina hii bila malipo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wapo kwa ajili hiyo.

Serikali ililitambua pengo ninalolizungumzia. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, iliunganisha afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kenya, tangu miaka ya 1980, ina vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto ambavyo mzazi anaweza kumpeleka mtoto hata kabla ya kuanza shule. Sisi tuna waraka mzuri, na kilichopungua ni mahali pa kuutumia waraka huo kila mwaka kwa kila mtoto.

Mahali hapo papo. Kila mwezi Juni na Desemba watoto walio chini ya miaka 5 huitwa kupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na mamilioni ya wazazi ambao kadi zao hazijaguswa kwa miezi hufika. Wakati mtoto anameza tone, mtoa huduma angeweza kumwuliza mzazi maswali manne: anasikia vizuri, anaongea kama wenzake, analalaje, na kuna mwenendo wake gani unaokushinda nyumbani. Majibu yaandikwe kwenye kadi ileile, na atakayejibu kwa wasiwasi apewe tarehe ya kurudi na jina la mtu wa kumwona. Mtoa huduma afundishwe pia kutokumwuliza mama amemleaje mtoto. Kazi hiyo inahitaji siku chache za mafunzo na mstari mmoja wa ziada kwenye kadi, na raundi inayofuata ya matone inatosha kuianza katika wilaya itakayokuwa tayari.